Chanjo ya Mama Brigitte

MARCELLIN: Haloo? Ni nani? Sema mbio, tuko tunapandisha batu!

VÉRONIQUE: Ni weye Marcellin, ule anaandika basafiri ku meli ya Kasenyi?

MARCELLIN: Ni miye. Jambo, mama.

VÉRONIQUE: Jambo haiko! Miye ni Véronique, niko Bunia. Mutoto ya ule mama mulishusha mbele ya batu bote kama mwizi ya kuku.

MARCELLIN: Aaa. Mama Brigitte.

VÉRONIQUE: Kumbe jina unajua!

MARCELLIN: Sikumushusha. Hakupanda. Mutu anashuka kama alipanda —

VÉRONIQUE: Usinifundishe Kiswahili, weye! Bénédicte wa samaki alinipigia. Anasema mulimukunjisha mama nguo, mukono inje, batu banacheka. Mama ya miaka soixante-huit, makumi sita na nane! Hauna mama, weye?

MARCELLIN: Miye sikucheka. Nilimuuliza, "Mama, uko na chanjo?" Akasema, "Niko nayo, tangu utoto." Njo akakunja nguo, akanionyesha alama ya wembe, tatu tatu, hapa chini ya kiwiko.

VÉRONIQUE: Si babu yake njo alimuchanja? Dawa ya nyoka. Ile si chanjo?

MARCELLIN: Ni chanjo ya nyoka. Miye natafuta ya mpox, ule ugonjwa ya upele. Na karte yake, ile kadi yenye jina. Bila karte hapana, bila gilet ya kuelea hapana, mulevi hapana. Imeandikwa ku ubao, mutu yote anaona.

VÉRONIQUE: Ubao! Mama hajui kusoma, unamupa ubao!

[mtandao unakwaruza]

MARCELLIN: Haloo? Sauti yako inaenda inarudi —

VÉRONIQUE: Nasema, yaya yake, dada yake mukubwa, alikufa! Jumamosi! Banamuzika kesho asubuhi kule Mahagi. Tumbo moja, titi moja. Unataka apitie wapi? Barabara ya Djugu, pale banaua batu? Weye ungemupitisha mama yako pale?

MARCELLIN: Hapana.

VÉRONIQUE: Basi! Inabakia maji. Meli ingine ni lini?

MARCELLIN: Alhamisi, jeudi ijayo.

VÉRONIQUE: Jeudi atakuta nini? Kaburi imeota majani? Funga macho, umupitishe. Mara moja tu.

MARCELLIN: Mara moja niliyafunga. Mwezi ya tatu. Usiniulize.

VÉRONIQUE: Hainihusu! Roho yako ni jiwe, njo maana. Bakubwa ya pesa munabapandisha na chupa mukononi, bamama ya bakimbizi munabarudisha ku muchanga —

MARCELLIN: Ule mwenye chupa nilimuacha ku muchanga saa hii hii. Anatukana vizuri kukupita weye.

VÉRONIQUE: Na unanifanyia muzaha! Sikia, chef. Mama yangu alichanjwa. Mwezi ya sita, ku centre de santé, kwa munganga, miye mwenyewe nilimushika mukono. Akalia kama mutoto, ile anaita sindano tu. Uongo?

MARCELLIN: Nakubali.

VÉRONIQUE: Unakubali?

MARCELLIN: Kabisa. Alichanjwa. Sasa karte iko wapi?

VÉRONIQUE: Ilipotea.

MARCELLIN: Lini?

VÉRONIQUE: Weye ni polisi? Ilipotea, basi! Karatasi zinapotea!

MARCELLIN: Jumanne iliyopita ilikuwa hapa.

VÉRONIQUE: Nini?

MARCELLIN: Niko na kitabu mbele yangu. Mardi, saa mbili ya asubuhi. Mama Brigitte, alizaliwa Djugu, mwaka 1957, chanjo ya mwezi ya sita. Alipanda, akaenda Mahagi. Hakurudi. Sasa leo nina Mama Brigitte wa pili, na wa kwanza iko kule ng'ambo.

VÉRONIQUE: Ba Brigitte ni mingi...

MARCELLIN: Ya mwaka moja, ya Djugu, ya centre moja? Mardi miye sikukuwa. Fiacre, mwenzangu wa kazi, njo aliandika, na karte haina picha. Nilimuuliza sasa hivi. Anasema Brigitte wa mardi alikuwa na wigi nyekundu, kucha ndefu, na balo mbili ya vitenge.

VÉRONIQUE: Na Fiacre hana macho? Binti ya miaka makumi tatu anakuwaje mama ya 1957?

MARCELLIN: Ahaa. Nani alikuambia ana miaka makumi tatu?

[upepo unavuma ndani ya simu]

MARCELLIN: Haloo? Uko?

VÉRONIQUE: Niko.

MARCELLIN: Fiacre nitamalizana naye. Weye, nani atamalizana na weye?

VÉRONIQUE: Alisema siku mbili tu... Gentille, tunauza naye pamoja ku soko. Aliogopa sindano. Akaniambia, "Mama yako anabakia nyumba, karte ya nini?" Nikamupa. Jumatano angerudi. Yaya ya mama hakukuwa hata mugonjwa! Ningejuaje? Niambie, ningejuaje!

MARCELLIN: Na kama ule Gentille ana upele? Uliangalia mikono yake?

VÉRONIQUE: Niache! [anashusha sauti] Marcellin. Kaka. Nakuomba. Usimuambie mama. Muambie tu ilipotea.

MARCELLIN: Sasa nimekuwa kaka?

VÉRONIQUE: Nisamehe ile matusi. Muambie ilipotea, nakuya kumuchukua, ataelewa —

MARCELLIN: Simu hii sikio yake ilikufa. Inasemea tu inje, kwa nguvu. Mama yako iko hapa ku benchi tangu uliniita jiwe.

VÉRONIQUE: Hapana. Hapana, Marcellin —

MARCELLIN: Anataka simu. Shika, mama.

[mukwaruzo]

MAMA BRIGITTE: Véro.

VÉRONIQUE: Mama...

MAMA BRIGITTE: Nilionyesha batu mukono yangu. Bakacheka. Nikasema moyoni, nimezeeka, nimekuwa mujinga.

VÉRONIQUE: Mama, nakuya na pikipiki sasa hivi, usitembee peke yako, nitakupigia magoti —

MAMA BRIGITTE: Ule mwenye karte yangu, iko bado Mahagi?

VÉRONIQUE: Ndiyo, Mama. Anauza.

MAMA BRIGITTE: Muzuri. Mupigie. Muambie kesho asubuhi afunge soko, aende ku kilio. Asimame pembeni ya shimo, amutupie yaya yangu udongo.

VÉRONIQUE: Mama, hamujui yaya! Hata jina yake hajui —

MAMA BRIGITTE: Anaitwa Micheline. Umuambie. Kule Mahagi, Brigitte ni yee.

VÉRONIQUE: Mama, usikate, Mama, ni —

[honi ya meli. Simu imekatika]