Kanuni ya Anayeketi Kushoto

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, familia imeniomba niwasimulie maisha yake, na kwa jinsi alivyokuwa mbishi, leo ndiyo mara ya kwanza nazungumza habari zake bila kukatizwa.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Dadu, alizaliwa tarehe 9 Juni 1964, mtoto wa pili kati ya watatu, akasoma shule ya msingi jirani na nyumbani, na tarehe 2 Agosti 1975 ghala la karatasi la baba liliungua, mdogo wetu wa mwisho akafia ndani, nasi tukaamini kwamba mlango ulikwama.

Alimaliza sekondari mwaka 1982, akaajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, na mwaka 1990 akamwoa wifi yangu, mshona nguo, wakajaliwa binti mmoja. Baada ya kazi alibuni michezo ya mezani, ile ambayo kila mtu huigiza mhusika wake na dadu huamua kama upanga umepata au umekosa. Mchezo uliompa sifa ulimhusu shujaa aliyewahi kutenda uovu na sasa anatafuta msamaha, na humo alikataa katakata msamaha upatikane kwa kurusha dadu, bali shujaa aungame kosa lake lote, aliyekosewa ajibu, na ikiwa aliyekosewa amekufa, mchezaji wa kushoto amjibie kwa neno la kwanza linalomjia mdomoni.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kututisha. Wachezaji wasiojuana walikuja kumsimulia jambo lile lile, kwamba marehemu wa mchezoni, awe alizama baharini au alipotelea msituni, alijibu, "Fungua mlango," wao wakicheka, yeye akiwaaga upesi. Miaka yote alikuwa msimamizi wa mchezo, hakukubali kamwe kuwa shujaa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, baadaye miguu ikaisha nguvu, na tarehe 3 mwezi huu, alasiri, alituomba tucheze pale wodini, mkewe, binti yake na mimi, yeye akiwa shujaa. Akaungama kwamba ndiye aliyeutia komeo mlango wa ghala kwa nje akicheza kujificha na mdogo wetu, akaenda kula, akasahau, na baada ya moto akanyamaza mpaka mama yetu akaingia kaburini bila kujua.

Mimi ndiye niliyeketi kushoto kwake. Niliumia, nilikasirika pia, hata hivyo nilikusudia kumwambia amesamehewa, maana ni damu yangu na alikuwa anaondoka, ila kinywa changu kikasema, "Fungua mlango."

Mtu ambaye hakuwa amesimama kwa wiki kadhaa aliondoa shuka, akatembea hadi mlangoni, akaufungua, akasogea pembeni kama ampishaye mgeni, akasema, "Pita, mdogo wangu." Kisha akarudi kitandani, akajibana ukutani, akaacha nafasi ya kumtosha mtoto, akakata roho.

Tunawashukuru madaktari, majirani, wenzake wa kiwandani, na muuguzi aliyekuja kuufunga mlango ule, tukamwomba auache wazi, akauacha.

Pumzikeni kwa amani, wadogo zangu.