Maboksi Mawili na Gauni la Zambarau

Benchi letu limeegemea ukuta wa fundi cherehani tumwitaye Sindano, na lina sheria moja ambayo hakuna aliyeitunga wala aliyewahi kuivunja: kitu kisichonunuliwa hakifunguliwi. Asubuhi hiyo, kati ya vikombe vyetu vya kahawa, yalikaa maboksi mawili ya kamera za DSLR, zile zenye lenzi ya kuchomoa na kurudisha. Shemeji yake Sindano, muuza vifaa vya picha, alikuwa amemwazima yote mawili mpaka saa sita mchana, achague moja. Simu yake ilikuwa imemponza: kila nguo ya zambarau aliyoipiga picha ilitoka buluu, na wateja walioagiza kwa picha walianza kurudisha nguo. Dukani lilitundikwa gauni la zambarau, kazi bora kuliko zote zilizowahi kupita kwenye cherehani yake. Mwenye gauni angelifuata saa sita hiyo hiyo. Lisipopigwa picha, lingeondoka na sifa yake.

— Zinafanana kama pacha, alisema Sindano akisoma maandishi ya maboksi. Bei moja, megapikseli sawa. Hii kioo chake cha nyuma kinafunguka na kugeuka. Ile haina hilo, ila ni nzito na betri yake inakaa.

— Beba nzito, alisema Spana, fundi wa magari. Wahenga walishamaliza: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hicho kioo cha kugeuka hakikuinamishi. Cha mvunguni utakipataje?

— Kaka, mimi nashona magauni. Mvunguni nafuata nini?

— Wote huanza kwa kusema hivyo.

Hakimu, aliyekuwa karani wa mahakama na hajawahi kuhukumu hata kuku, alisogeza kikombe chake.

— Mdogo wangu, mimi nazishuku zote. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hizi zimetembezwa mpaka benchini.

— Nimezibeba mwenyewe, mzee.

— Hiyo inaitwa kushiriki kosa.

— Nisaidie, mzee wangu. Saa sita hiyo inakuja.

— Basi chukua ya kioo cha kugeuka. Shahidi mzuri hutazamwa usoni. Ila usikigeuzie kwako kila siku. Kamera ikikuzoea, kila utakayempiga atatoka na pua yako.

— Pua si neno, alidakia Spana. Neno ni kuizoesha. Kamera ni injini. Picha za mwanzo unapiga vitu vilivyotulia: ukuta, kiti, mzee Hakimu. Ukianza na mtu anayecheka, umeua gia.

— Kamera ina gia?

— Sasa ule mlio wake unadhani ni nini?

— Sijausikia. Hatujaifungua.

— Basi usibishe.

Wakati huo mwenye gauni, mwalimu wa kwaya, alitupita akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amelivaa. Zambarau ile ilikolea karibu na weusi kwenye mikunjo, ikawaka mabegani. Hata Spana alificha mikono yake yenye grisi.

— Fundi, uliniomba nafasi ya picha. Nisimame wapi?

Hakimu alinyooshea kidole boksi moja, Spana akanyooshea la pili. Sindano akaivunja sheria ya benchi: akayafungua yote. Betri zililala kwenye vifuko vyake, na nyaya za chaja zilikuwa bado zimefungwa.

— Zina chaji? aliuliza mwalimu.

Mwalimu akainama, akachungulia maboksi.

— Na kadi ya kuhifadhia picha?

Spana alikagua kucha zake. Hakimu alikunywa kutoka kikombe kitupu.

— Jumamosi nikitoka kwaya nitapita hapa nimelivaa, alisema mwalimu. Baada ya hapo naliweka kabatini, fundi.

Zambarau ikakata kona. Sindano akachukua kamera moja, betri yake na chaja, akaingia ndani. Tulimwona akichomoa pasi ili apate tundu la umeme.

— Umechagua hiyo? aliuliza Hakimu. Kwa nini hiyo?

— Ilikuwa karibu na mkono.

Hakimu alitikisa birika. Halikutoa hata tone.

— Sawa, alisema Spana akijiweka vizuri. Sasa tuje kwenye kadi. Kadi ziko aina mbili.

Sindano akafunga mlango kwa ndani.