Anastase Bulambo na Mizinga Isiyo na Baruti

Ni nani kati yenu ambaye hakuingiwa na hofu Mwalimu Anastase aliposema atawafundisha watoto wetu kurusha chuma kwa umeme?

Anastase Bulambo alizaliwa Uvira tarehe 14 Agosti 1957, mwana wa Mzee Bulambo, mfuga nyuki, na Mama Nabintu. Alisoma hukohuko Uvira, kisha akaenda kusomea fizikia Bukavu, akahitimu mwaka 1982. Mwaka 1985 alimwoa Célestine, aliyemkubali, kwa maneno yake mwenyewe, ili apate kulala: jamaa alikuwa haishi kueleza mambo.

Vita viliwatoa nyumbani. Walifika Stockholm mwaka 2001, wakakaa Alby, kitongoji cha jiji hilo. Mwalimu alijifunza Kiswidi na kuanzia 2006 alifundisha hisabati na fizikia katika shule moja ya Hagsätra. Hakukubali kwamba mtoto wa mkimbizi aingie maabara kwa ajili ya kufagia tu. Kwa hiyo mwaka 2008 aliomba ukumbi wa kanisa letu, akabandika tangazo: “Jumamosi: Mizinga ya Umeme.”

Yeye aliwaza mizinga ya nyuki ya baba yake, kwa kuwa bomba la mtambo wake, lililozungushiwa waya wa shaba, lilifanana nayo. Jennifer, dada yetu kutoka Nairobi, aliuliza kama kanisa limeanza kuuza pombe, maana kwao mzinga ni chupa kubwa ya kileo. Watu walicheka. Mama Roselyn, shemasi wetu kutoka Bujumbura, hakucheka.

“Mwalimu, mimi mzinga nimeuona ukibomoa nyumba yetu,” alisema. “Kanisani hauingii.”

Tangu hapo aliliomba baraza la kanisa lifunge darasa lile, na ombi lake halikufa. Mwalimu hakuwa na ukumbi mwingine. Aliishi na hofu ya kunyang'anywa huo mmoja.

Hata hivyo alifundisha, mitambo ya aina tatu. Mtambo wa reli, alieleza, una vyuma viwili sambamba na kipande cha chuma kinachoviunganisha. Umeme mwingi hupanda reli moja, hupita katika kipande hicho, hurudi kwa reli ya pili. Nguvu ya sumaku hukisukuma mbele. Ila msuguano na joto huzila reli. Mtambo wa koili, yaani waya uliozungushwa bombani, haukigusi chuma: koili moja huvuta chuma, huzimwa, inayofuata hupokea. Ukichelewa kuzima, koili hukirudisha chuma nyuma. Wa tatu ndio waliupenda watoto: pete ya alumini, ambayo sumaku haiishiki, huruka umeme ukiwashwa, kwa sababu sumaku inayobadilika huzaa mkondo wa umeme ndani ya pete yenyewe, na sumaku na pete husukumana.

Mama Roselyn alipouliza yote hayo ni ya nini, Mwalimu alimjibu kwa upole. “Mama, nguvu hii inaweza kuua, na inaweza kusukuma treni. Tukiwaficha watoto, watakaoijua ni wenye majeshi peke yao.”

Mama hakushawishika. Waliendelea kusalimiana tu.

Mwaka 2011 Mwalimu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alisahihisha kazi za wanafunzi akiwa kitandani, na binti yake Raïssa alipomjibu kwa Kiswidi, alijifanya kiziwi mpaka arudie kwa Kiswahili. Siku za mwisho alimwuliza Célestine jambo moja tu: kama baraza limeamua. Lilikuwa halijaamua. Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Machi 2012, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Célestine. Watoto wawili, Ludovic na Raïssa. Dada yake Olive, aliyeko Uvira. Na mpwa wake Hervé. Mungu ampe pumziko la amani huyu aliyependa sana kueleza.

Siku iliyofuata kifo chake, Jumamosi asubuhi, Hervé alikwenda ukumbini kubandika tangazo kwamba hakuna darasa. Alikuta mlango wazi. Watoto walikuwa wameketi, Raïssa amesimama mbele yao, macho mekundu, ameshika pete ya alumini. Katika kiti cha mbele, mkoba mapajani, alikaa Mama Roselyn.

“Anza mwanzo kabisa, mwanangu,” alisema. “Wengine leo ndiyo siku yetu ya kwanza.”