Miaka Hamsini na Miwili ya Puchacz, Si Kumi na Mitano

Leo Ijumaa, tarehe 8 Desemba 2017, nyambizi wetu Puchacz anastaafu hapa Gdynia, Polandi, baada ya miaka hamsini na miwili ya utumishi. Sisi mabaharia wake tunarudia: hamsini na miwili. Ofisi ya sherehe imechonga "kumi na mitano" kwenye bamba la kumbukumbu, kana kwamba alizaliwa siku tuliyomnunua.

Alianza kazi Norwei mwaka 1965, akiitwa Skarv. Alipotufikia mwaka 2002 alikuwa amechakaa, lakini alizama na kuibuka bila hata kukohoa. Kwetu baharia mpya hunywa glasi ya maji ya bahari yaliyochotwa kilindini, mpaka tone la mwisho. Serangi Zenon Rymsza, fundi wake tangu siku ile, alimmwagia na yeye glasi yake sakafuni. "Kunywa, mama. Sasa wewe ni wetu."

Mwaka 2006 wakubwa waliona aibu kuwa na nyambizi wa mtumba. Wakaamuru maandishi ya Kinorwei yapakwe rangi na vibao vya Kipolandi vibandikwe kando yake. Mbandikaji akakosea, akabandika viwili kila kimoja mahali pa mwenzake. Mwezi Machi, mita arobaini chini, bomba likapasuka. Baharia akafunga vali kama kibao kilivyomwambia; maji yakazidi kuingia. Rymsza akamsukuma kando, akapapasa chini ya rangi herufi walizochonga Wanorwei, akafunga vali ya jirani. Maji yakakoma. Watu ishirini na wanne wakarudi nyumbani kula supu ya njegere.

Mwezi uliopita Rymsza, naye sasa mstaafu, aliomba jambo moja tu: jina la kwanza na miaka yote viandikwe kwenye bamba.

"Mzee, ya huko yanatuhusu nini?" karani wa ofisi ya sherehe akamuuliza. "Huyu kaanzia kazi hapa."

"Na mimi nimezaliwa Wilno, ng'ambo ya mpaka, bwana mdogo. Utanipunguzia na miaka yangu?"

Karani akasema bamba limeshachongwa, basi.

Basi jana tulichukua vikwangulio, Rymsza akiwa mbele, tukakwangua rangi ubavu wa kushoto. SKARV inasomeka vizuri kutoka gatini. Karani akitaka, na aifunike; lakini rangi haishiki chuma kwenye baridi hii. Wageni, simameni upande wa kushoto.

Asante, Skarv. Asante, Puchacz. Kapumzike salama na miaka yako yote. Hata mmoja usimwachie karani.