Milimita Nane za Bi Ghislaine

Ijumaa hii, Juni 28, Bi Ghislaine Fournel anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika karakana yetu ya baiskeli za zamani hapa Saint-Étienne. Ofisi imeniomba niandike kwa furaha. Nitajaribu, ila hasira ninayo.

Aliingia mwaka 1990 kunyoosha rimu zilizopinda. Kila mfanyakazi mgeni alimpa mtihani uleule: tairi mbili ubaoni, sema ipi ya rimu ipi. Rimu za baiskeli zetu za mbio zina kipenyo cha milimita 622; zile za Kiingereza za inchi 27 ni 630. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Aliyebahatisha bila kusoma namba ndogo ubavuni aliwanunulia wenzake mkate mtamu wa pralini, zile lozi zilizopikwa kwa sukari. Mimi niliununua mara tatu.

Mwaka 2019 meneja wetu, Bwana Thibaud Varenne, alileta shehena ya tairi za bei rahisi za inchi 27 akaagiza zivishwe baiskeli zote, upepo ujazwe kidogo. Bi Ghislaine alikataa mbele yetu sote.

“Milimita nane tu, Bi Ghislaine. Nani ataziona?”

“Ataziona atakayekuwa anateremka mlima Pilat, bosi.”

Akahamishiwa stoo kufunga maboksi. Tukanyamaza, na tairi tukazivisha.

Wiki ya tatu, mteja wetu mzee Anselme Berthollin, tarishi mstaafu, aliteremka Pilat akikaba breki. Rimu ikapata moto, upepo ukatanuka, tairi iliyopwaya ikachomoka. Alivunjika taya na mtulinga. Habari ilipofika, Bi Ghislaine aliacha maboksi, akavua tairi hizo zote zilizokuwa karakanani, kisha akawapigia simu wateja mmoja mmoja. Baiskeli arobaini na moja zilirudi, na hakuna mwingine aliyeumia.

Bwana Varenne alipandishwa cheo, akapelekwa tawi kubwa. Bi Ghislaine alipewa barua ya onyo kwa kutoka stoo bila ruhusa. Barua hiyo imo kwenye faili lake hadi leo. Ofisi, itoeni kabla ya Ijumaa.

Nasi tulionyamaza tumwombe radhi, kila mtu kwa kinywa chake. Mimi nilimwomba jana. Alifuta mikono, akaniambia, “Najua ulikuwa na watoto wa kulisha, Régis. Lakini ungesema.”

Ni kweli, ningesema.

Bi Ghislaine, asante kwa kila gurudumu lililomfikisha mtu kwake. Pumzika kwa afya na amani.