Paa Juu ya Omena

Ndugu zangu katika Bwana, mniruhusu nishike mgongo wa kiti hiki. Mkikiona kinatetemeka, kiti hakina shida. Ni mimi.

Hapa Kisian mnanijua kama yule msichana wa kuuza dagaa wa omena anayepanga mafungu upya hata mteja akiwa amesimama. Hamjui kwamba woga ulikaribia kuninyang'anya kazi hiyo.

Nyumbani ni ufuoni, upande wa Luanda Kotieno, ninakoitoa omena hii. Kina mama wote huanika omena kwenye uwanja mmoja kando ya maji. Ofisi ya wadi ilitaka kutujengea banda la soko papo hapo, lenye paa la mabati. Habari haikufichwa. Ilisomwa kanisani, ikatangazwa kwa kipaza sauti juu ya pikipiki, na mchoro ukabandikwa penye mizani ya samaki. Kina mama waliutazama wakaogopa, kwa sababu omena bila jua inaoza. Wakaniambia, "Wewe unasomanga magazeti, utatuongelea."

Nawaambia ukweli, shule niliiacha njiani. Kiswahili hiki nimejifundisha kwa redio na kwa magazeti ya kufungia samaki. Kwa hiyo nilitaka kila neno likae sawa. Nilitunga hotuba, nikaivunja, nikaitunga tena, nikiisomea sufuria jikoni. Siku ya mkutano nikapewa kipaza sauti. Nikasema, "Waheshimiwa." Neno la pili likakataa kuja. Nikakirudisha, nikaondoka. Afisa wa wadi akauliza kama kuna mwenye maoni mengine. Hakuna aliyeinua mkono, maana wote walikuwa wamenitegemea mimi.

Kesho yake mama mmoja akanipokea ufuoni kwa sauti: "Tulikutuma utuongelee, ukatuongelea na macho!" Watu wakacheka. Nikaacha kwenda ufuoni. Nikiona mabati popote, nageuza njia.

Kisha ile pikipiki ikapita tena. Ofisi ilikuwa inarudi na mchoro kabla ya kuchimba msingi, na kila mtu aje. Shangazi yangu, ambaye naishi naye, akasimama mlangoni na wavu wa kuanikia begani.

"Shangazi, sijaandaa kitu."

"Nani amekuuliza hotuba? Kwani wewe hufanya nini kule?"

"Naanika."

"Basi nyathina, mwanangu, kuja uanike."

Nilipoitwa mbele, sikugusa kipaza sauti. Niliutandika wavu mbele ya meza yao, nikamwaga omena mbichi, nikaitawanya kwa kiganja kama kila asubuhi. Nikamwomba afisa aufungue mwavuli wake juu ya omena. Kivuli kikafunika nusu ya wavu.

"Hilo ndilo paa," nikasema. "Mkituezekea hapa, tutaanika wapi?"

Sauti ilikwaruza. Yule mama aliyenicheka akapiga kelele kutoka nyuma, "Sema tena, huku Mzee wa mashua hajasikia!" Nikasema tena. Baada yangu akasimama yeye, kisha mwingine, kisha Mzee mwenyewe, akitaka kujua mashua zitavutwa wapi.

Afisa alikuwa bado ameshika mwavuli. Akasema, "Mama, ndiyo maana tulirudi. Msipotuambia, sisi tunachora tu."

Walirudi mara nyingine na mchoro mpya. Banda liko kando ya barabara. Uwanja wetu uko wazi, na omena mnayonunua kwangu imekaukia pale.

Namshukuru Mungu. Namshukuru shangazi, na yule mama aliyenicheka kisha akanifanya nirudie, na kijana wa pikipiki ambaye hakuchoka kupita.

Leo mmesikia tangazo: Alhamisi ofisi ya wadi ya huku inakuja hapa kuuliza kuhusu vibanda vyetu vya barabarani. Ninawaomba kitu kimoja. Msimtume mtu mmoja awaongelee wote. Njooni wenyewe, na mmoja akinyamaza, wa pili asimame.

Mimi nitakuwa mstari wa mbele. Nitatetemeka, najua. Mchungaji akikubali, nitakuja na kiti hiki.