Saa Mbili ya Mzee Kinyozi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Afya. Mganga Mfawidhi wa hospitali hii. Mratibu wa mradi. Wauguzi wa wodi zote. Nanyi familia za wagonjwa mliokaa upande wa jua kwa kuwa upande wa kivuli umejaa: tunawasalimu kwa heshima na kwa furaha.

KUKUKARIBISHA

Mheshimiwa, karibu sana. Tunajua umeacha mengi ili uje kubonyeza kitufe kilicho mbele yako, kile chenye utepe. Tunakuomba jambo moja kabla ya mengine yote: usikiguse mpaka tufike mwisho wa risala hii. Jana tulituma barua ofisini kwako kueleza sababu, tukaambiwa umeshaondoka kwa safari ya kuja huku. Kwa hiyo sababu yenyewe tutaisoma hapa, mbele ya watu, na tunaomba utusikilize kama mzazi anavyowasikiliza watoto waliokuja na habari isiyopendeza.

TULIKOTOKA

Sisi ni wafanyakazi wanane. Chumba chetu kilikuwa stoo ya mashuka, na hadi leo ukifungua rafu ya chini harufu ya sabuni inakupokea. Kazi yetu ilianzia kwenye maneno yako mwenyewe. Mwaka jana ulisimama katika wodi ya wagonjwa wa mapafu, ukaelezwa jinsi mitungi ya oksijeni ya kupeleka nyumbani inavyogawiwa, ukasema, "Nataka foleni isiyo na mjomba." Watu walipiga makofi. Sisi tuliandika maneno hayo kwenye karatasi, tukayabandika mlangoni.

Wakati ule foleni ilikuwa kwenye daftari la jalada gumu, na daftari lilikuwa mikononi mwa karani wa wodi. Ndiye huyu ambaye sasa tunamwita Mama Tena. Alilitunza miaka kumi na mmoja. Simu ilikuwa ikilia, sauti inamwambia, "Huyu ni mtu wetu, mpandishe kidogo," naye anapandisha, kwa kuwa sauti ilikuwa ya mkubwa wake. Siku moja aliambiwa apandishe jina, na jina lililopaswa kushuka ili lile lipate nafasi lilikuwa la baba yake mzazi. Alilishusha. Mkono wake, kalamu yake. Jioni alimkuta mzee ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika magoti, anavuta pumzi mojamoja kama mtu anayepanda kilima. Mzee hakumuuliza kitu. Alisema tu, "Leo foleni ilikuwa ndefu, eh?"

Tumeruhusiwa naye kulisema hili. Kesho yake alirudisha daftari, akaomba kujiunga nasi ingawa hakuwahi kuandika mstari mmoja wa programu.

TULICHOKIFANYA

Tulijenga kile kinachoitwa mkataba mwerevu. Ni programu yenye masharti ya foleni: nani anafuata, saa ngapi, na kabati gani lifunguke. Haikai kwenye kompyuta moja ambayo mtu anaweza kuifungia mlango. Inakaa kwenye mnyororo wa kumbukumbu unaotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, na kila kompyuta ina ndani yake mashine pepe, yaani mashine isiyoshikika, inayotekeleza masharti yaleyale hatua kwa hatua. Zote zikipata jibu moja, kufuli la umeme linafunguka na familia inachukua mtungi. Hakuna simu inayoweza kulibembeleza.

Ulitaka pia kusiwe na mtu, hata sisi, mwenye ufunguo wa kuubadili mkataba ukishawekwa. Tulitii. Ukishawekwa umewekwa. Ndiyo maana tulihitaji mahali pa kukosea kwanza, na mahali hapo ni mashine pepe ya majaribio. Inafanana na ile ya kweli kwa kila kitu, ila hii ina huruma. Tunaipiga picha ilivyo, tunaiharibu tunavyotaka, kisha tunairudisha kama hakuna kilichotokea. Hata saa yake tunaweza kuisogeza mbele, juma zima likapita wakati chai haijapoa.

Humo tulikosea sana, na tunaona fahari kusema hivyo. Mkataba wa kwanza ulifungua kabati kabla ya kuandika kwamba mtungi umetoka. Katika upenyo huo mdogo, aliyebonyeza mara mbili alipata mitungi miwili na jirani yake akapata kabati tupu. Wa pili ulikuwa ukipanga foleni vizuri mpaka familia ya sitini. Ilipofika ya sitini na moja, nguvu iliyotengwa kwa kila ombi, ambayo sisi huiita mafuta, iliisha katikati ya hesabu. Mashine ikasimama na kufuta yote. Familia zetu ni tisini na sita.

Makosa yote mawili yaliibuliwa na Mama Tena. Mwandishi wa mkataba, kijana tunayemwita Profesa, alikuwa akiruka kutoka kitini: "Mama, imepita! Tazama, kijani!"

"Imepita mara moja," anajibu bila kuinua macho. "Tena."

Jina lake lilitoka hapo.

Hadi Jumatano ya juma hili tulikuwa na majaribio mia nne na kumi na mawili, yote ya kijani. Mratibu alituletea soda. Profesa alicheza katikati ya rafu, akagonga kichwa, akaendelea kucheza.

LILILOTUKUTA

Mheshimiwa, Alhamisi alasiri Mama Tena alienda nyumbani na kishikwambi kilichounganishwa na mashine ya majaribio. Hakutumwa. Alitaka tu baba yake aone kitu alichokuwa akikifanya mwaka mzima. Mzee ni kinyozi mstaafu, na katika orodha ya uzinduzi wa leo ndiye wa kwanza. Kura ndiyo iliyompa nafasi hiyo, na ilipigwa hapa uwanjani mbele ya familia zote.

"Hii ndiyo mashine ya pepo?" mzee aliuliza.

"Pepe, baba. Si pepo."

"Haya, pepe. Nifanyeje?"

"Andika saa unayotaka mtungi wako kesho."

Mzee alivaa miwani, akaandika mbili, akabonyeza. Mama Tena alisogeza saa ya ndani hadi asubuhi ya siku inayofuata, wakati ambao baba yake angekuwa amefika hospitalini, amenyoa ndevu, amesimama mbele ya kabati. Kabati halikufunguka. Kwenye skrini yalitokea maandishi mekundu: Ombi limepitwa na muda. Nafasi yako: 96.

Mzee aliyasoma mara mbili. "Nimepepesa macho tu, nimeshakuwa wa mwisho?"

Mama Tena alidhani kishikwambi kimekwama. Alirudisha kila kitu nyuma, akasema neno lake, "Tena." Mzee akaandika mbili. Tisini na sita. Ndipo alipomuuliza, "Baba, ni mbili ipi hiyo?"

"Mbili ipi? Saa mbili asubuhi! Kuna nyingine?"

Ilikuwepo nyingine. Kwa mashine, mbili ni saa nane za usiku. Ilikuwa imemfungulia mzee kabati wakati dunia nzima imelala, ikamsubiri kwa muda wa saa moja uliowekwa kwenye masharti, ikaona haji, ikamrudisha nyuma ya watu wote kama mtu asiyehitaji pumzi.

"Na mnauita mkataba mwerevu," mzee alisema. "Mwerevu gani asiyejua saa mbili ni saa ngapi? Nimenyoa vichwa miaka arobaini, sikuwahi kumwambia mteja aje saa kumi na nne."

Mama Tena alicheka, kisha akashindwa kuacha, kisha haikuwa kucheka tena. Mzee alimfuta uso kwa taulo lake la kazi, lile la zamani ambalo bado analiweka begani.

Ijumaa asubuhi alituonyesha. Tulitazamana. Majaribio mia nne na kumi na mawili tuliyaandika sisi wenyewe, watu wa kompyuta. Vinywa vyetu vinasema saa mbili, vidole vyetu vinaandika nane, wala hatujisikii tukitafsiri. Tulikuwa tumeipima mashine kwa watu wanaofanana nasi tu.

Profesa alirekebisha kwa dakika kumi. Mtu ataandika saa kama anavyoisema, kisha atachagua asubuhi, mchana, jioni au usiku. Tuliendesha majaribio yote upya, na kumi na saba yakageuka mekundu. Mtu akisema "usiku wa kuamkia Ijumaa," anahesabiwa kwenye Alhamisi au kwenye Ijumaa? Sote tunaijua maana yake tangu utotoni. Kuiandika kwa masharti ndiko kulikotushinda mpaka mchana ukapita.

Mratibu aliingia akiwa ameshika ratiba ya leo. "Viti vimeshapangwa. Waziri yuko njiani. Hatuwezi kuzindua kesho, tukarekebisha keshokutwa?"

"Mkataba huu hauna keshokutwa," Profesa alisema. "Ndivyo tulivyoahidi."

"Basi tuwafundishe watu. Wajumlishe sita, wataelewa."

Mama Tena alikuwa dirishani. Hakupaza sauti. "Mratibu, baba yangu hawezi kupanda ngazi tatu bila kukaa chini. Unataka kila anapokosa pumzi ajumlishe sita kwanza?"

Mratibu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Na baba yako ndiye wa kwanza," alisema taratibu. "Unajua tukiahirisha anarudi kwenye daftari?"

"Najua. Nimeshamwambia."

"Akasemaje?"

"Amesema atakaa, atangoja."

Mratibu alivaa miwani yake. "Andikeni risala. Lakini mimi siisomi." Tunamshukuru hadharani, kwa sababu angeweza kutukataza.

TUNACHOKUOMBA

Mheshimiwa, tunaomba majuma matatu.

Katika majuma hayo tunaomba majaribio yaandikwe na hawa waliokaa juani. Kila familia ije mara moja kwenye stoo ya mashuka, iandike saa kama inavyoisema nyumbani, iseme kesho, keshokutwa, alfajiri, magharibi, na sisi tusiwasahihishe. Pale mashine isipowaelewa, aliyekosea ni mashine.

Na tunaomba jambo jingine, tukijua ni zito. Majuma hayo matatu foleni itarudi kwenye daftari la jalada gumu, na daftari lina mlango wazi, kama tulivyoeleza. Karani wa sasa ni binti mpole na ana simu mezani. Tunaomba simu hiyo isilie. Ikilia, tunaomba isiwe imetoka juu. Hatumtuhumu mtu yeyote. Tunasema tu kwamba mkataba bado haujawa tayari kukulinda dhidi ya kuombwa, na kwa muda huu mfupi utalazimika kukataa wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kama alivyotakiwa kukataa karani mmoja siku moja naye akashindwa. Yeye anasema si rahisi. Anasema pia kwamba kukataa kungemuuma siku moja, na kutokukataa kunamuuma hadi leo.

Sasa kuhusu kitufe. Hatukutaka uondoke bila kubonyeza chochote. Asubuhi hii tumekiunganisha na mashine ya majaribio, ile yenye huruma, ikiwa na mkataba uleule wa Jumatano. Mzee Kinyozi yuko safu ya pili, mwenye kofia ya kijivu na mtungi mdogo miguuni. Tunaomba umuulize anataka mtungi wake saa ngapi. Andika namba atakayoitaja, usimtafsirie, kisha bonyeza, nasi tutasogeza saa. Skrini itageuka nyekundu mbele ya watu wote, na kwa mara nyingine mzee atakuwa wa tisini na sita.

Tafadhali usione haya, wala usituonee haya. Humo ndani hakuna anayeumia. Mama Tena atagusa sehemu moja, kila kitu kitarudi kilivyokuwa, na baba yake atakuwa wa kwanza. Nje ya mashine hii hatuna mahali pa kumrudisha mtu namna hiyo. Ndiyo sababu tunaomba majuma matatu.

Ukirudi baada ya majuma hayo, kaa karibu na Mama Tena. Utabonyeza, skrini itakuwa ya kijani, watu watashangilia, na Profesa huenda akagonga kichwa. Mama Tena hatashangilia. Atakugeukia na kukuambia neno lake moja, nawe tunaomba ubonyeze tena.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akurudishe salama kwa watu wa nyumbani kwako, na awape pumzi wote wanaoingoja.

Ni sisi,
Wafanyakazi wanane wa Chumba cha Majaribio,
kilichokuwa stoo ya mashuka.